Kufuli la Bwana Mwongozo

Wapo watu wanaomtegemea Mungu, na wapo wanaomsingizia. Fundi kufuli huyu alifanya yote mawili kwa mkono mmoja, na asubuhi ile ya Alhamisi alikuwa amekaa kwenye kibanda chake chini ya ngazi, uso umekunjamana kama aliyeuma ndimu, kwa sababu mkewe alikuwa amemletea habari asiyotaka kuisikia.

Yaani, kama tunaweza kusema alimletea yeye. Mama yule hakuwa amesema na mumewe tangu harusi ya binti yao. Si kwamba alinyamaza, loo! Alisema sana, ila alisema na vitu. Alizungumza na sufuria, na kiti, na mlango wa bafu, naye mume akitaka kujua yanayoendelea ndani ya nyumba yake mwenyewe ilimbidi atege sikio. Asubuhi ile alishuka na kikombe cha chai, akasimama mbele ya mashine ya kuchongea funguo, akaiambia:

"Wewe mashine, sikia. Jumamosi binti yangu na mumewe wanahama. Mume wake kapata kazi mbali, na mtoto wanakwenda naye. Anayetaka kumwona mjukuu wake akamwone. Asiyetaka akae na vyuma vyake."

Akakiweka kikombe mwisho kabisa wa benchi, ili mwenye kukitaka ainuke, akapanda ngazi kurudi juu.

Mtaa mzima ulimwita fundi yule Bwana Mwongozo, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Hakufanya jambo bila kuongozwa. Kwenye msumari juu ya benchi lake lilining'inia kufuli kuukuu la shaba, pana kama kiganja, alilorithi kwa baba yake aliyemfundisha kazi. Alipotaka kuamua lolote, aliliangua, akafumba macho, akaomba kimya, kisha akatia ufunguo na kuuzungusha mara moja tu. Kufuli likifunguka, Mungu kasema ndiyo. Likikwama, Mungu kakataa, na maneno yameishia hapo.

Fundi cherehani wa kibanda cha jirani alipokuja kuazima ngazi ya mbao, kufuli lilikwama. Ndugu za mke walipoomba kuja kukaa wiki moja, lilikwama. Mteja mwenye mdomo mchafu alipotaka afungiwe kitasa siku hiyo hiyo, lilikwama. Lakini Jumapili moja mpira ulipokuwa unaonyeshwa kwenye televisheni ya kinyozi, na kazi ya watu imelala juu ya benchi, lilifunguka kama lililokuwa likisubiri. Ajabu yake ni hiyo: miaka yote ile Mungu na Bwana Mwongozo hawakuwahi kutofautiana hata siku moja. Walikuwa pete na kidole.

Ungesema ni mnafiki, na mimi ningekuunga mkono kwa furaha, ila si kweli. Mnafiki ana nafuu, maana unaweza kumuumbua. Huyu aliamini. Alifumba macho kwa dhati, na mara nyingine machozi yalimtoka. Ndiyo maana hakuvumilika. Utabishana vipi na mtu ambaye kila akitaka lake, anakuletea saini ya Mwenyezi Mungu?

Na kazi aliijua, tusimnyime haki yake. Wateja walimletea makufuli wakilalamika kwamba leo yanafunguka, kesho yanagoma. Aliyapokea, akayageuza mara moja mkononi, akawarudishia kwa dharau ile ile ya siku zote: "Kufuli zima hili. Kufuli bovu hugoma siku zote. Likigoma leo na kukubali kesho, kibovu ni kidole chako." Wengine walitukana, wengine walicheka, lakini wote walipolegeza kidole kufuli lilifunguka.

Sasa tuje kwa binti. Alikuwa mmoja tu, na alimpenda, hilo hata adui zake hawakulikana. Binti akapendwa na kijana fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa mageti na madirisha, mpole, mwenye makovu ya cheche mikononi. Siku moja, kabla posa haijaletwa, kijana yule alikuwa amesimama na wenzake karibu na kibanda, wakamtania kuhusu mkwe mtarajiwa. Naye akajibu kwa sauti ya kusikika: "Mimi kufuli halinisumbui. Likinishinda nalikata kwa moto." Watu wakacheka. Mzee, ndani ya kibanda, hakucheka. Kwa mtu aliyekula na kuvaa kwa kubembeleza makufuli, neno hilo lilimwingia kama mwiba wa samaki.

Posa ilipokuja, wazee wakiwa wamekaa sebuleni, aliomba radhi, akashuka kibandani, akafumba macho, akatia ufunguo. Ukakwama. Akapanda juu na kuwaambia wageni kwa upole uliowaudhi kuliko matusi: "Mimi sina neno na kijana. Ila Mungu amekataa."

"Mungu gani, baba?" binti alimuuliza wageni walipoondoka. "Huyo mwenye kutu?"

"Chunga mdomo wako. Ukiolewa naye, unaolewa kinyume cha Mungu. Na ukitoka kwa mlango huo, usirudi kuniuliza ufunguo."

Akatoka. Akaolewa, mama yake akaenda harusini peke yake, na kiti cha baba kikakaa kitupu mbele ya watu wote. Tangu siku hiyo binti alipokutana naye njiani alimwita Bwana Mwongozo, kama wapita njia. Alipopanga nyumba mtaa wa tatu, kitasa cha mlango alikwenda kununua kwa yule muuza vitasa vya bati karibu na soko, adui wa baba yake wa miaka na miaka. Hilo alilifanya makusudi, na mzee alilipata kama lilivyotumwa. Mtoto alipozaliwa, mzee aliliuliza kufuli aende au asiende. Likakwama. Akasema, "Wakati wa Mungu bado." Wakati wa Mungu ukaendelea kuwa bado mpaka mtoto akaota meno.

Basi Alhamisi hiyo, chai ikipoa mwisho wa benchi, mzee aliliangua kufuli. Moyo ulimvuta huku na huku. Alitaka kumwona mjukuu, jamani, nani asiyetaka? Lakini kwenda ni kuinama. Kwenda ni kumpa yule mkata makufuli kwa moto nafasi ya kucheka tena. Akafumba macho. "Mungu wangu, niongoze. Niende au nisiende?" Akatia ufunguo, akazungusha.

Klik. Kufuli likafunguka.

Hakufurahi. Alishtuka kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Akalifunga, akajaribu tena. Klik. Mara ya tatu hakufumba macho, akaangalia. Na macho ya fundi yakaona kile ambacho macho yaliyofumbwa hayakuwahi kuona: kidole gumba chake kilikuwa kinausukuma ufunguo pembeni, kwa nguvu, mpaka ukucha umekuwa mweupe. Kilikuwa kinauma. Na pamoja na kusukuma kote huko, kufuli lilifunguka tu, laini kama siagi.

Akalinusa. Mafuta ya cherehani.

Alipanda ngazi kwa hasira ambayo hata magoti yake mabovu yaliiheshimu. Mkewe alikuwa jikoni, mgongo kwake, sufuria motoni.

"Umechezea kufuli la marehemu baba yangu!"

"Sufuria," mke akasema bila kugeuka, "kuna mtu anapiga kelele humu."

"Umelitia mafuta! Umeingilia kati ya mtu na Mungu wake!"

"Sufuria yangu, mwambie huyo mtu kwamba nimetia mafuta, tena nimetia mengi. Nilikwenda kuazima kwa fundi cherehani, yule aliyenyimwa ngazi, na kanipa kwa roho safi. Mwambie watu husema Mungu si Athumani. Mungu wa huyu si Athumani, lakini ni kufuli."

"Unakufuru!"

"Mwulize, sufuria, maana yeye ndiye fundi, mimi mwanamke wa jikoni tu." Sasa mwiko ulikuwa umesimama. "Mwulize: mafuta yanafungua kufuli? Hayafungui. Yanalainisha tu. Kufuli zima, lisilo na kutu, alilolisafisha yeye mwenyewe kila mwaka, lilikuwa linakwamaje leo na kukubali kesho? Wateja wake huwaambia nini? Mimi nimesikia mara ngapi kutoka dirishani hapa? Kibovu ni nini, sufuria? Eeh? Kibovu ni nini?"

Jibu mzee alilijua, kwa sababu lilikuwa lake mwenyewe.

Akashuka. Akakaa. Kufuli alilishika mapajani kama mtu aliyeokota mtoto wa wenyewe. Yakamjia yote, moja baada ya jingine: ngazi ya mbao, ndugu za mke, mpira wa Jumapili, posa. Kila aliposikia Mungu akikataa, kumbe ni kidole chake kilichokuwa kikikataa, na Mungu kasimama pembeni akisingiziwa. Aliona haya. Si haya ya mbele za watu, hiyo angeikasirikia tu. Aliona haya ya kumwekea Mungu maneno mdomoni miaka yote ile kisha kuyatoa tena na kuwapiga nayo watu.

Alitaka kuomba, akagundua hajui. Bila ufunguo mkononi, maombi yake yalikuwa hayana mpini. "Mungu," alisema mwishowe, "sijui unasema nini. Pengine hukuwahi kuniambia kitu. Mimi nakwenda. Kama nakosea, nizuie wewe, si kidole changu."

Akangoja kidogo apewe ishara. Alitazama juu: ngazi. Alitazama chini: sakafu na vumbi la shaba. Hakuna ndege aliyelia, wala upepo uliovuma, ila kinyozi alikohoa, na kinyozi yule hukohoa siku zote. Basi akapiga moyo konde, akaliacha kufuli wazi juu ya benchi, akatoka.

Nyumba ya binti ilikuwa na mlango wa mbao uliopakwa rangi ya kijani, na juu yake kile kitasa cha bati. Alikitazama kwa chuki. Kitasa cha kutengenezwa kwa haraka na kuuzwa kwa haraka. Mfukoni mwa shati lake kulikuwa na waya wa kazi, na kwa waya huo angekifungua kabla hujapiga chafya. Huo ndio ulikuwa ugumu wa mtu yule: maisha yake yote alikuwa akiitwa kwenye milango iliyofungwa ili aifungue, wenyewe wamesimama nyuma yake wakimhimiza. Kusimama nje na kuomba hakuzoea. Neno lenyewe lilimtoka likiwa kavu.

"Hodi."

Ndani mtoto alikuwa anaongea lugha yake, ba-ba-ba, ma-ma-ma. Nyayo zikasogea, zikasimama.

"Hodi," akarudia.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Baba yako."

"Simjui. Ninayemfahamu ni Bwana Mwongozo." Sauti ilikuwa karibu kabisa na mlango, na ilikuwa baridi. "Leo umeongozwa, Bwana Mwongozo? Kufuli limekuruhusu?"

"Mama yako kalitia mafuta."

Ndani kukasikika kitu kama kicheko, kikakatwa kabla hakijakomaa. "Kwa hiyo umekuja kwa sababu ya mafuta."

"Nimekuja kwa sababu ya kidole." Alijua anaongea ovyo, akajitahidi kuyanyoosha. "Siku ile ya posa. Mungu hakukataa, mwanangu. Nilikataa mimi. Nilikuwa naubana ufunguo, sikujua, leo ndiyo nimeona. Mumeo alisema kufuli likimshinda analikata kwa moto. Niliudhika. Ni hilo tu. Hakuna jingine."

Mzee akadhani amesema vizuri. Wanaume wa aina yake wakishakiri kosa husubiri kushukuriwa.

"Kwa neno hilo?" binti akasema taratibu. "Kwa utani wa kijana?" Kisha sauti ikapanda. "Wewe unajua ulichonifanyia? Kutokuja harusini hakukunishangaza, wewe ni mtu wa kununa, nilijua. Lakini uliniambia naolewa kinyume cha Mungu! Mtoto wangu alipopata homa, nilimshika usiku kucha nikijiuliza: Je, ndiyo Mungu amekuja kudai? Mume wangu akichelewa kazini, nawaza ndiyo leo. Nimeshindwa kuomba, unasikia? Nilikuwa naogopa kumwita, asije akakumbuka niko wapi. Kumbe ni wewe! Kumbe ulikuwa umenuna tu!"

Hilo mzee hakuwahi kuliwaza. Alidhani amemnyima binti baraka yake. Hakujua kwamba amemnyima Mungu.

"Toka mlangoni kwangu," binti akasema. "Toka. Ondoka."

Akausikia ufunguo ukiingia kwenye kitasa kwa ndani. Moyo ukaruka. Lakini sikio lake halikuwa sikio la mtu wa kawaida, na kabla moyo haujatua, sikio lilikuwa limeshajua: ufunguo ulikuwa unakwenda upande wa kufunga. Binti alikuwa anaongeza mzunguko wa pili, mlango ufungwe juu ya kufungwa. Na kitasa kile cha bati, kwa ubaya wake, kikakwama. Ufunguo ukakwaruza. Ukarudi. Ukakwaruza tena, kwa hasira, na mtoto akaanza kulia.

Zamani angesema: haya, tazama, Mungu amekataa mlango usifungwe. Neno lenyewe lilimfika kwenye ulimi, limevaa nguo zake zote. Akalimeza.

"Usisukume," akasema kupitia ubao. "Umeuingiza mno. Uvute nje kidogo. Legeza kidole. Sasa zungusha."

Ndani mtoto aliendelea kulia. Kisha ufunguo ukavutwa kidogo, ukazunguka bila shida. Ulimi wa kitasa ukaingia kwenye fremu, tap.

"Nilikuwa nafunga," binti akasema.

"Najua."

"Ulijua?"

"Nasikia. Ni kazi yangu."

"Na bado ukanielekeza."

"Mlango ni wako," mzee akasema. "Na kitasa hicho ni takataka, mwanangu, samahani. Siku kikikugomea na mtoto yuko ndani, utatokaje?"

Aliuweka mkono juu ya ubao wa mlango, akauondoa haraka kama aliyegusa kitu cha watu. Nje, jua lilikuwa limekwisha kugeuka, na muuza maji alipita na mkokoteni wake, akamtazama mzee anayeongea na mlango, akatikisa kichwa.

"Watu hubisha hodi mara tatu," mzee akasema. "Mimi nimebisha mara mbili. Nimebakiza moja. Kesho nitakuja nayo."

"Mungu ndiye kakwambia uje?"

"Sijui. Nakuja tu. Usipofungua, nitakuwa nimekuja."

Alisubiri. Akageuka kuondoka, na ndipo sauti ilipomfuata. Ilikuwa imechoka, bado ina ukali, haikumkaribisha wala kumsamehe.

"Nenda nyumbani, baba."

Alikwenda. Njiani alipitia pembeni pembeni, kwa sababu macho yake hayakuwa ya kuonyesha watu. Alipofika alipita kibandani bila kusimama, akapanda ngazi. Mkewe alikuwa pale pale jikoni, mgongo kwake, kama hakusogea mchana kutwa.

"Sufuria," mke akasema, "huyo mtu amefunguliwa mlango?"

"Amefunga," mzee akasema. "Mara mbili. Mara ya pili nilimsaidia mimi."

Mwiko ukaacha kukoroga.

"Kasema nini?"

"Kaniambia mambo ambayo nilistahili. Kisha kaniambia niende nyumbani." Akakaa kwenye kiti, akavitazama vidole vyake. "Kasema, nenda nyumbani, baba."

Mke akazima jiko. Akageuka, akamtazama mumewe usoni kwa mara ya kwanza tangu harusi ile, kwa muda mrefu, kama mtu anayekagua kitu kilichorudishwa kutoka kwa fundi. Kisha akamuuliza, yeye, si sufuria:

"Kesho tunatoka saa ngapi?"